Msitupangie majira ya Ulaya kwenye vyungu vya Mombasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nijibu makala ya Jumapili iliyopita kuhusu mimea ya kupamba nyumba. Yaliyosemwa humo juu ya miti ya mpira na minazi ya mapambo sina neno nayo. Kilichonifanya nitafute kalamu ni aya ya mwisho, inayohusu mmea ambao mwandishi wenu ameuita ua la mzoga, ule ambao wataalamu huuita Edithcolea grandis. Mmea huo ninao. Uko kwenye kaango la udongo dirishani pangu hapa Kibokoni, na leo ninapoandika una vitumba viwili, kimoja kimevimba kiasi cha kufumbuka kesho au kesho kutwa.

Mwandishi anawaambia wasomaji waunyime maji kabisa kuanzia Desemba hadi Februari kwa kuwa miezi hiyo umelala, waumwagilie kila wiki kuanzia Aprili hadi Septemba kwa kuwa ndiyo miezi ya kukua, na wauweke kwenye dirisha linaloelekea kusini upate jua la kutosha. Mtu wa Mombasa akiyafuata hayo matatu, Juni ikifika atakuwa na kaango la uji wa kijani. Simlaumu sana mwandishi, maana hakuyatunga yeye. Ni maelekezo yanayozunguka kila mahali, na walioyaandika ni watu wa nchi za baridi wakiwashauri wenzao wa nchi za baridi. Kwao Desemba ni giza na barafu. Kwetu Desemba kaskazi, ule upepo wa joto wa kutoka kaskazini-mashariki, imeshaingia, na hapo ndipo mmea wangu unapoamka. Hivi vitumba viwili vimetoka katika miezi hiyo hiyo ambayo wasomaji wenu wameambiwa waufishe kiu.

Kwa wasioujua, hauna majani. Ni mashina ya kijani yenye mabaka ya hudhurungi, manene kupita kidole gumba, yenye pembe nne au tano, na kila ukingo umepangwa meno magumu yanayochoma. Hutambaa na kujikunja, na sehemu kubwa ya mwaka hauna cha kumvutia mgeni. Binti yangu alipouona mara ya kwanza aliniuliza kwa nini nimejaza miiba kwenye kaango la samaki. Kisha hutoa ua, na maneno yote huisha. Ua moja hufika upana wa sentimita 10 na kupita, lina ncha tano, rangi yake ni ya samli iliyoganda, na juu yake limemwagiwa madoa ya zambarau na ya damu ya mzee. Waingereza hulifananisha na zulia la Kiajemi, na hapo nakubaliana nao bila ubishi. Sisi tuliokulia Mji wa Kale wakati majahazi ya Ghuba yakishusha mazulia bandari ya zamani tunaijua kazi ile, na Mola ameifuma nzuri zaidi kwenye mmea ambao mbuzi angeupita.

Tena si mgeni, kama makala ilivyodokeza. Kwao ni nyika kavu za Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania zikiwemo, kupanda mpaka Uhabeshi na Somalia, kisha ng'ambo ya bahari huko Yemen na kisiwa cha Sokotra. Jina umepewa kwa heshima ya Edith Cole, mwanamke wa Kiingereza aliyekusanya mimea Somalia pamoja na Bi Lort Phillips. N. E. Brown, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew huko London, ndiye aliyelichapisha jina hilo mwaka 1895. Katika jenasi yake uko peke yake, hauna ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo ukinunuliwa hapa na kibandiko cha maelezo kutoka Uholanzi, ni mtoto wa nyika aliyerudishwa nyumbani na barua ya daktari wa kizungu, na mama yake hakuulizwa kitu.

Nirudi kwenye maji, maana huko ndiko mimea hii inakofia.

Ulaya adui ni baridi. Nyuzi zikishuka chini ya 10 na udongo ukiwa mbichi, mizizi huoza, ndiyo maana wakaambizana wasimwagilie Desemba. Baadhi yao huona mizizi ya mmea huu haiaminiki kabisa, wakakipandikiza kipande cha shina juu ya kiazi cha Ceropegia, jamaa yake aliye mvumilivu zaidi. Mombasa baridi hiyo haipo. Usiku wa Julai na Agosti, tunapojifunika na kulalamika, hewa ni ya nyuzi 20 hivi, na mmea huu haujali. Adui yetu sisi ni unyevu. Masika yakipiga, nguo hushinda kambani zisikauke, chumvi hugeuka maji ndani ya kikopo, viatu huota ukungu kabatini. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu. Sasa mtu achukue birika aumwagilie mmea wa nyika katikati ya hayo kwa sababu kalenda ya watu imesema huu ni msimu wa kukua! Somo yangu wa mtaa wa Tudor aliyapata maelekezo hayo hayo kwenye simu yake na akayafuata kwa uaminifu. Nilipokwenda kumtazama Mei, mashina yalikuwa bado ya kijani juu, lakini chini yamekuwa meusi na laini, ukiyagusa yanakuachia maji mkononi.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: kwani huko nyika mmea haunyeshewi masika? Unanyeshewa, na unafurahi. Lakini mvua ya nyika huanguka ikaondoka, ardhi ya mawe huinywa, na kesho yake jua na upepo vimeshakausha kila kitu. Hapa kisiwani mvua ikiondoka huacha unyevu wake umekaa kitako. Tena mmea wa nyika hauko ndani ya chombo.

Mimi nafuata pepo za msimu. Kaskazi ikishika, nguo zikikauka kabla ya adhuhuri, naumwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha siugusi tena hadi udongo ukauke wote. Nautambua kwa kijiti cha mshikaki: nakichomeka mpaka chini, nikikitoa kikiwa safi na kikavu, basi zamu imefika. Masika sitii hata tone, na nausogeza ndani rasharasha zisiufikie. Kipupwe, na zile mvua za mchoo zinazokuja bila kualikwa, naupa kidogo tu iwapo mashina yamenywea, tena asubuhi ya jua. Vuli naanza upya polepole. Wakati ninaouhofia kuliko wote ni tanga mbili, kusi na kaskazi zinapopokezana na hewa ikasimama kabisa. Siku hizo nafungua madirisha ya pande zote mbili, na kukiwa na umeme nawasha feni, na wanangu hucheka kuwa miiba inapepewa kuliko mama mwenyewe.

Jambo la dirisha la kusini lilinichekesha. London jua huwa upande wa kusini adhuhuri za mwaka mzima, kwa hiyo huko ushauri huo una maana. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu, na dirisha la kusini linaona ukuta wa jirani tu. Oktoba hadi Machi jua huhamia kusini, lakini liko juu mno hivi kwamba upenu wa nyumba hulikinga. Mwenye kuswali Adhuhuri kwa kutazama kivuli analijua hili bila kusoma popote. Dirisha linalofaa hapa ni la mashariki, linalopata jua la asubuhi mpaka saa nne au tano. La magharibi linafaa pia ukiweka pazia jepesi, kwa kuwa jua la alasiri likipiga bati la jirani na kurudi, huunguza. Mashina yakiiva kuelekea wekundu, hiyo ni afya. Yakitoa mabaka meupe makavu, yameungua. Yakirefuka membamba yakielekea upande mmoja, yana njaa ya mwanga.

Kuhusu udongo, msinunue mifuko ya bei. Kinachohitajika ni kokoto nyingi na udongo kidogo. Mimi huponda udongo wa jiko la makaa lililopasuka, ule wa ndani ulioiva kwa moto, nikachekecha vumbi na kubakiza chembe zinazolingana na punje za mahindi. Hunyonya maji na kuyaachia upesi, na majiko mabovu hayakosekani mtaani. Nachanganya na mchanga wa ujenzi uliooshwa na mbolea kidogo ya majani yaliyooza. Mchanga wa pwani usitumike, una chumvi. Chombo kiwe kipana na kifupi, cha udongo usiopakwa rangi, kwa kuwa mizizi haiendi mbali. Kaango langu nililitoboa matundu chini kwa msumari, polepole, likiwa limelowekwa ili lisipasuke.

Na maji yenyewe? Visima vya Mji wa Kale vina chumvi, na maji ya mkokoteni hutegemea yamechotwa wapi. Chumvi hiyo haivukizwi, hubaki juu ya udongo kama ukoko mweupe na kuchoma mizizi. Mvua ikinyesha nakinga ndoo, na kaskazi nzima natumia maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi cha duka lililo chini yangu. Hayana chumvi, na kijana wa dukani hufurahi mtu akimwondolea ndoo mlangoni.

Sasa harufu. Mwandishi amesema mmea huu haufai kuwekwa katika nyumba ya watu kwa sababu ya uvundo. Ni kweli ua linanuka, tena vibaya. Ni kwa sababu halimtaki nyuki, linamtaka nzi, na nzi hafuati asumini. Mara ya kwanza lilipofumbuka, jirani yangu wa chini alikuwa anafukiza udi akingojea wageni wa posa. Nikamsikia akiwaita watoto: "Hebu tezameni huko darini, kuna kitu kimekufa!" Watoto wakatafuta panya kuanzia jikoni mpaka uwani. Nilipomwonyesha ua akalitazama kwa muda, chetezo mkononi, akasema kitu kizuri namna hii kinaachaje kujistahi. Wageni walipokuja wakapandishwa juu kulitazama, na posa ilikubaliwa.

Mimi nilikuwa mkunga, na ni lazima nieleze kinachotendeka mle ndani, kwa sababu kimenistaajabisha kuliko mengi niliyoyaona kazini. Chavua ya ua hili haikai kama unga. Imefungwa katika vifurushi vidogo vya nta, na kila jozi ya vifurushi imeunganishwa na kibanio. Nzi akitembea katikati ya ua, mguu au mdomo wake huteleza kwenye ufa mwembamba, kibanio kikamnasa, akajikwamua na kuruka na mzigo. Akifika ua jingine na kuteleza tena, kifurushi hubaki huko, na mimba imetungwa. Nzi jike mara nyingine hudanganyika kabisa akataga mayai juu ya ua akidhani ni nyama. Funza wakizaliwa hawana cha kula, hufa. Tunda nalo huja kwa mapacha, maganda mawili membamba yaliyochomoza pamoja, na yakipasuka mbegu huondoka na upepo zikiwa na nyuzi zao za hariri. Wangu haujazaa bado.

Harufu yenyewe haidumu. Ua hukaa wazi siku chache, na uvundo hupungua kila siku. Jioni ya kitumba kuvimba nausogeza mmea kwenye kizingiti cha nje, mwishoni nauingiza. Asiyeweza hata hilo, basi asifuge. Mtoto mwenye pumu au mama mwenye mimba changa ya kutapika asilazwe chumba kimoja nao.

Lililonikera hasa, kuliko maji na dirisha, ni sentensi moja: kwamba mimea yote ya jamii hii ya kuhifadhi maji mwilini ni salama nyumbani penye watoto. Haiko salama yote, na si jamii moja. Kuna mnyaa, ambao watu wanauona mzuri siku hizi na kuutia kwenye vyungu vya sebuleni. Ukikwanyua tawi hutoa utomvu mweupe, na utomvu ule ukiingia jichoni unaunguza na waweza kumpofusha mtu. Nimempokea mtoto aliyeupata. Dawa ya kwanza ni maji safi mengi, mengi hasa, papo hapo, kisha hospitali, wala si kumpaka kitu. Kuna waridi la jangwani, lile la shina la kitambi na maua ya waridi linalouzwa kando ya barabara. Utomvu wake ni sumu ya moyo, na wawindaji wa Afrika waliupaka mishale. Hata mshubiri tunaoukata kila siku una utomvu wa manjano wenye kuharisha. Bibi zetu waliupaka chuchu kumwachisha mtoto ziwa kwa sababu ya uchungu wake, wala hawakumnywesha. Ua langu la mzoga utomvu wake ni maji tu, lakini meno yake hukwaruza, na liko juu ambapo wajukuu hawafiki.

La mwisho ni mahali pa kuupata. Baada ya makala yenu kutoka, kijana mmoja wa mtaani alinijia akisema anaweza kuniletea gunia zima kutoka bara. Nilimfukuza. Mmea mkubwa uliong'olewa nyikani mara nyingi hufa mikononi mwa aliyeununua, kwa kuwa mizizi imekatika na tayari umezoea maisha mengine. Tena ndani ya mbuga kama Tsavo kung'oa mimea ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Na hakuna haja. Mpwa wangu aliniletea kipande cha urefu wa kidole kutoka kwa mama mmoja wa Voi anayeufuga uani kwake. Ukipata kipande, kikate kwa wembe uliofutwa na spiriti, kiache kivulini hata wiki nzima mpaka kidonda kikauke kabisa, halafu kilaze juu ya kokoto. Usikizike wala usikimwagilie mpaka kishike chenyewe. Ukiona wadudu weupe wa kunatanata kwenye mikunjo, wafute kwa pamba na spiriti hiyo hiyo, na uwang'oe mmoja mmoja kwa subira. Ukiona shina limeanza kulainika chini, usingoje: kata juu mpaka ufike nyama ya kijani safi, uanze tena.

Ninachoomba kwenu ni marekebisho mawili, yachapishwe kabla masika hayajaingia: la miezi ya maji pamoja na lile dirisha lake, na la usalama wa watoto. Hilo la pili litoke kwa herufi kubwa. La harufu mnaweza kuliacha lilivyo, hapo mwandishi wenu hakukosea.

Wenu,
Mkunga mstaafu,
Kibokoni, Mombasa